Kukuza Urujuani wa Usambara Nyumbani: Mwongozo kwa Wakazi wa Tanga

Urujuani wa Usambara, ambao kitaalamu umejulikana kwa muda mrefu kwa jina la Saintpaulia ionantha, ni mmea mdogo usiopukutisha majani, unaoweza kutoa maua karibu mwaka mzima ukitunzwa vizuri, na asili yake ni milima na miamba ya mkoa huu wa Tanga. Madirishani mwa nyumba za Ulaya na Marekani umezoeleka kuliko mimea mingi ya chungu, lakini hapa kwetu mtu anaweza kupita Ngamiani, Chumbageni hadi Raskazone asiuone hata barazani pamoja. Inasikitisha, kwa sababu mmea huu hauhitaji shamba wala ua mkubwa, na jani moja tu linatosha kuuanzisha. Kwa sababu hiyo hiyo, hakuna haja yoyote ya kuung'oa msituni, na mwongozo huu unaeleza namna ya kuukuza bila kugusa hata shina moja la porini.

Mmea wenyewe na mahali unapoota

Shina lake ni fupi mno hata halionekani. Majani yake, manene kiasi na yenye vinyweleo laini, hujipanga kwa duara karibu na ardhi, kila moja likishikiliwa na kikonyo chenye majimaji. Kwa kawaida mmea haupiti sentimita 15 kwa kimo, ingawa duara la majani linaweza kufikia upana wa sentimita 30. Maua huchomoza kati ya majani kwa vishada vidogo. Kila ua lina petali tano, mbili za juu zikiwa ndogo kuliko tatu za chini, na katikati huonekana vifuko vya chavua vya rangi ya manjano. Rangi ya asili ni buluu inayoelekea zambarau. Maua meupe, ya waridi, mekundu na yale yenye petali nyingi zilizokunjamana yamepatikana kutokana na kazi ya wakulima wa maua iliyochukua zaidi ya miaka mia moja.

Porini mmea huu huota juu ya miamba na kwenye kingo za vijito, ndani ya kivuli cha miti mikubwa. Anayetaka kuelewa matunzo yote yanayofuata na ayatazame kwanza makao hayo. Mizizi imeshika ufa wa jiwe wenye udongo kidogo tu, uliotokana na majani yaliyooza. Maji hupita na kuondoka bila kutuama. Jua la moja kwa moja halifiki, ila mwanga hupenya kati ya matawi. Na hewa ina unyevu siku zote. Urujuani unaokufa majumbani, kwa sehemu kubwa, hufa kwa sababu mojawapo ya hali hizo nne imekosekana.

Milima ya Usambara Mashariki ndiyo yenye aina nyingi zaidi, na nyingine zinapatikana Usambara Magharibi, Nguru, Uluguru na kusini mashariki mwa Kenya. Majina ya kitaalamu ya baadhi yake yanaonesha wazi zilikotoka: amaniensis ni ya Amani, tongwensis ya Mlima Tongwe wilayani Muheza, magungensis ya Magunga, na shumensis ya Shume huko Lushoto. Zamani wataalamu walihesabu takribani spishi 20. Uchunguzi wa baadaye uliziunganisha nyingi, na mwaka 2015 jenasi nzima ya Saintpaulia iliingizwa ndani ya jenasi ya Streptocarpus. Wakulima wa maua wanaendelea kutumia jina la zamani, nami nafanya hivyo.

Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani aliyekuwa na makao yake hapa Tanga, alimpelekea baba yake huko Ujerumani mmea huu alioukuta kwenye miamba ya chokaa isiyo mbali na mji, na pia katika misitu ya Usambara. Baba yake aliufikisha kwa Hermann Wendland, msimamizi wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, ambaye mwaka 1893 aliutangaza kitaalamu na kuupa jina la ukoo wa aliyeupeleka. Kutoka hapo biashara yake ilienea duniani. Kwa mkulima wa Tanga mjini, jambo la maana katika habari hii ni hilo la miamba ya chokaa: mmea huu haukutoka kwenye baridi ya milimani peke yake, bali uliota pia katika uwanda wa pwani, karibu na usawa wa bahari. Kwa hiyo anayesema kwamba joto la Tanga haliuruhusu kuishi amekosea, mradi kivuli na hewa vipatikane.

Faida zake

Kwanza ni pambo la ndani ya nyumba, hasa kwa mpangaji wa chumba kimoja au viwili asiye na mahali pa kupanda asumini wala mwangajuu. Hauna sumu kwa watoto wala kwa paka, ingawa si chakula. Haunukii, hivyo hautachukua nafasi ya asumini na mrehani katika kikuba. Kazi yake ni ya macho. Mwalimu wa sayansi anaweza kuutumia kuwaonesha wanafunzi jinsi mmea mzima unavyozaliwa kutokana na jani, na sifikirii kama kuna mmea unaofaa zaidi kwa somo hilo, kwa kuwa kila hatua huonekana kwa macho na kopo moja la plastiki linatosha. Anayetafuta kipato naye anaweza kuzalisha miche mingi katika sehemu ya ukubwa wa meza.

Hatua ya kwanza: kupata mbegu halali

Waulize wenye vitalu vya maua, au mtu yeyote mwenye mmea huu nyumbani, akupe jani moja. Usinunue mmea kwa mtu anayekiri kwamba ameutoa msituni. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, iliyotangazwa mwaka 1997, inalindwa kisheria, na kuchukua mimea ndani yake bila kibali ni kosa. Lakini hata pasipo sheria hali ingekuwa ile ile. Aina nyingine huishi kwenye majabali machache tu, na mtu mmoja mwenye kikapu anaweza kumaliza kwa asubuhi moja kile kilichobaki cha aina nzima. Mmea wa porini uliong'olewa mwambani pia huja na mizizi iliyokatika, na mara nyingi haumalizi mwezi mjini. Anayetaka kupata jani kutoka nje ya nchi aanzie kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania kuomba kibali cha kuingiza mimea.

Ukiwa na nafasi ya kuchagua, chukua aina yenye maua ya petali tano na majani ya kawaida. Zile zenye maua mazito yaliyokunjamana hupendeza, lakini kwa mazingira yetu ya joto ningeziacha hadi mkono uzoee.

Hatua ya pili: kuandaa udongo

Udongo wa bustani peke yake haufai. Hushikamana, hukaa na maji, na mizizi myembamba ya urujuani huoza ndani yake. Pwani tuna kitu bora kuliko vingi vinavyouzwa kwa bei kubwa, nacho ni vumbi la makumbi ya nazi, lile linalobaki nyuzi zinapotolewa. Liloweke katika ndoo ya maji baridi usiku kucha, limwage, kisha rudia mara tatu au nne, kwa sababu makumbi huwa na chumvi, hasa yaliyofukiwa ufukweni ili kupata usumba. Baada ya kulikamua, changanya vikombe viwili vya vumbi hilo, kikombe kimoja cha mboji ya majani iliyooza kabisa na kuchekechwa, na kikombe kimoja cha mchanganyiko wa mchanga mnene wa mtoni na chenga ndogo za mkaa. Mchanga wa baharini usitumike hata ukioshwa.

Mchanganyiko ukiwa tayari, utie katika sufuria yenye maji kidogo, funika, na uache mvuke uupitie kwa nusu saa juu ya moto mdogo. Hatua hii huua mayai ya wadudu na vimelea vya kuoza. Ukishapoa, chukua konzi moja, ufinye, kisha ufungue kiganja: udongo mzuri hushikana kidogo halafu huachana ukiguswa kwa kidole. Ukibaki bonge, ongeza mchanga na chenga.

Hatua ya tatu: kupanda jani

Chagua jani lililokomaa lakini bado changa, la mduara wa katikati. Majani ya nje kabisa yamezeeka, na yale ya kitovuni hayajakomaa. Likate kwa wembe safi, ukiacha kikonyo cha sentimita tatu hivi, na ukate mshazari, kwa kuwa ncha pana hutoa watoto wengi zaidi. Liache kivulini dakika chache ili jeraha likauke. Kisha chukua kikombe cha plastiki kilichotobolewa chini, kijaze udongo ulio na unyevu kidogo, toboa shimo kwa njiti, na uchomeke kikonyo kwa kina cha sentimita moja na nusu tu. Wengi hulizamisha jani hadi kwenye bapa lake, nalo huoza.

Funika kikombe kwa mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga, ukiushikilia kwa vijiti ili usiguse jani, na ukiweke mahali penye mwanga bila jua. Ufungue mfuko kidogo kila baada ya siku mbili ili hewa ibadilike, maana Tanga tayari ina unyevu mwingi na ukungu huota haraka. Mizizi huota ndani ya wiki tatu au nne. Watoto huchomoza juu ya udongo baada ya wiki sita hadi kumi, na wakati mwingine zaidi. Katika kipindi hicho usilivute jani kuona kama limeshika. Likiwa bado gumu na la kijani, liko kazini.

Kuna wanaotumbukiza kikonyo katika glasi ya maji hadi kitoe mizizi. Njia hiyo hufanikiwa na watoto huipenda, lakini mizizi ya majini ni dhaifu na hupata taabu inapohamishiwa kwenye udongo. Kwa anayeanza, udongo ni bora.

Hatua ya nne: kutenganisha watoto na kuchagua chungu

Jani moja huweza kutoa miche kadhaa kwa pamoja chini yake. Majani ya watoto yakifikia upana wa sentimita mbili hivi, toa bonge lote, litikise taratibu, na utenganishe kila mmoja kwa vidole au kijiti, ukihakikisha kwamba ameondoka na mizizi yake. Jani mama likiwa bado zima linaweza kupandwa tena na kuzaa mara ya pili.

Chungu kiwe kidogo kuliko moyo unavyotaka. Upana wa mdomo wa chungu uwe theluthi moja ya upana wa duara la majani. Mmea wenye majani ya sentimita 30 unatosheka na chungu cha sentimita 10. Chungu kikubwa hubaki na maji ambayo mizizi haiwezi kuyanywa, na mmea hutumia nguvu kujaza udongo badala ya kutoa maua. Chungu cha udongo wa kufinyanga kinafaa sana kwetu kwa sababu hupumua na hupoza mizizi wakati wa Kaskazi, ila mdomo wake hukusanya chumvichumvi nyeupe inayounguza vikonyo vinavyouegemea. Uufute mara kwa mara. Tangu jani lipandwe hadi ua la kwanza, subiri miezi sita hadi tisa.

Hatua ya tano: mwanga na mahali pa kuweka

Kivuli haimaanishi giza. Mmea ulio gizani hurefusha vikonyo, majani yake husimama wima yakitafuta mwanga, na hautoi ua hata moja. Ulio juani majani yake hupauka na kupata mabaka ya kahawia. Weka kiganja chako sentimita 30 hivi juu ya mmea wakati wa mchana: kivuli chake kikionekana hafifu, kingo zikiwa hazijakatika vizuri, mahali hapo panafaa. Kikiwa cheusi na chenye kingo kali, jua limezidi.

Dirisha la mashariki linalopata jua la asubuhi kwa saa moja au mbili ni zuri. La magharibi ni la kuepuka hapa mjini, labda liwe na mwembe au pazia jepesi mbele yake. Kwa madirisha mengine kumbuka mwendo wa jua: kuanzia Aprili hadi Septemba jua hupita upande wa kibla, yaani kaskazini, na kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi Februari hupita kusini. Kwa hiyo chungu kilichokaa salama kwenye dirisha la kusini wakati wa Kusi kitaungua mwezi wa Desemba kisipohamishwa. Baraza lenye paa pana, au banda dogo la makuti uani, linaweza kuhifadhi vyungu mwaka mzima.

Mmea huu hustawi zaidi katika joto la nyuzi 18 hadi 27. Wakati wa Kusi, hasa Juni hadi Agosti, hali yetu hukaribia kiwango hicho, na huo ndio msimu wa maua mengi. Februari na Machi joto hupita nyuzi 30. Machipukizi ya maua hukauka kabla ya kufunguka, na hakuna la kufanya ila kuuweka mahali pa chini penye hewa inayotembea, kupunguza mbolea, na kungoja Masika. Anayeishi Amani au Lushoto hana tatizo hilo, ila usiku wa Julai huko Lushoto auingize ndani, kwani baridi ya chini ya nyuzi 13 huudhuru.

Hatua ya sita: maji

Hapa ndipo mimea mingi hupotea, na mara nyingi kwa kupewa maji mengi kuliko kwa kiu. Gusa udongo kwa kidole. Ukiwa mkavu juu lakini una ubaridi kidogo chini, ndipo umwagilie. Kama una shaka, ngoja kesho. Maji yawe na joto lile lile la chumba, maana ya mtungini au ya friji yakiangukia majani huyatia madoa yasiyofutika.

Maji ya mvua ndiyo bora, nayo hupatikana bure wakati wa Masika na Vuli. Maji ya visima vingi vya mjini yana chumvi na chokaa, hivyo yaepukwe. Maji ya bomba yanafaa yakiachwa wazi katika ndoo usiku kucha ili klorini itoke. Maji hayo ya bomba hutoka bwawa la Mabayani katika Mto Zigi, ambao vyanzo vyake vimo katika misitu ile ile ya Usambara Mashariki inayohifadhi urujuani wa porini. Msitu ukifyekwa kwa ajili ya iliki au vijito vikichimbwa dhahabu, jiji na ua hili hupata hasara pamoja.

Mwagilia kutoka chini: weka chungu katika kisahani chenye maji ya kina cha sentimita mbili, kiache dakika 20 hadi 30, halafu mwaga yaliyobaki. Mara moja kwa mwezi mwagilia kutoka juu, pembeni mwa chungu bila kulowesha kitovu, ili kusafisha chumvi za mbolea. Anayesafiri mara kwa mara anaweza kutumia utambi: pitisha uzi wa nailoni kutoka ndani ya udongo hadi kwenye kopo la maji lililo chini, na mmea utajinywesha wenyewe. Uzi wa pamba huoza. Usinyunyizie majani maji kwa nia ya kuongeza unyevu. Hewa ya pwani inatosha, na matone yanayolala kati ya vinyweleo huleta ugonjwa.

Hatua ya saba: mbolea na matunzo ya kawaida

Robo ya kijiko cha chai cha mbolea ya NPK 17-17-17, ikiyeyushwa kabisa katika lita mbili za maji, inatosha kwa vyungu vingi, mara moja kila wiki mbili, udongo ukiwa tayari na unyevu. Urea isitumike kwa sababu huunguza mizizi.

Geuza chungu robo mzunguko kila wiki ili duara lisipinde. Ondoa maua yaliyonyauka na majani ya chini yanayogeuka manjano, ukiyavunja karibu na shina bila kuacha kisiki kinachooza. Vumbi liondoe kwa brashi laini ya rangi. Kila baada ya miezi sita hadi kumi na miwili badilisha udongo. Mmea uliozeeka huonesha shingo tupu kati ya udongo na majani. Ushushe ndani ya chungu, baada ya kupunguza mizizi ya chini na kukwangua shingo taratibu, ili shingo ifunikwe na itoe mizizi mipya.

Hatua ya nane: kutambua maradhi

Majani yakinyauka huku udongo ukiwa mbichi, mizizi imeoza. Mmea kama huo hauponi kwa kumwagiliwa zaidi. Kata majani mazima na uanze upya kwa hatua ya tatu. Unga mweupe juu ya majani na maua ni ubwiri unga, unaotokana na hewa iliyotuama. Tenganisha vyungu na ufungue madirisha. Vidung'ata, wadudu weupe wanaofanana na vipande vya pamba kwenye makwapa ya majani, hufutwa mmoja mmoja kwa kijiti cha pamba kilicholoweshwa spiriti. Utitiri ni mbaya zaidi: hauonekani kwa macho, ila majani ya kitovuni hudumaa, hukakamaa na kujaa vinyweleo vya kijivu. Mmea huo utupwe mbali, na mikono ioshwe kabla ya kugusa mwingine. Kila mmea mgeni ukae peke yake kwa mwezi mmoja kabla ya kuchanganywa na wenzake.

Kuuza na kusafirisha

Miche huuzika ikiwa na ua angalau moja lililofunguka na machipukizi kadhaa, kwa sababu mnunuzi anataka kuona rangi. Mpe pia kikaratasi chenye maelezo matatu: kivuli chenye mwanga, maji kutoka chini, chungu kidogo. Kwa safari, funga chungu kwa gazeti lililokunjwa umbo la pia, mdomo juu, ili majani yasivunjike. Kwa mteja wa mbali ni rahisi zaidi kupeleka majani: zungushia kila kikonyo karatasi laini yenye unyevu, ulaze majani ndani ya mfuko uliopulizwa hewa kidogo, na uufunge. Yakifungwa hivyo huvumilia siku mbili au tatu, mradi yabebwe ndani ya basi pamoja na abiria, kwani joto la buti huyachemsha kabla hayajafika Segera.